Kabla Hawajanifungua Goti

Mmeniuliza wote, wanajumuiya wenzangu wa Mogitu, na majirani wa Nangwa nao wameuliza, na kila mtu ameniuliza nikiwa nimesimama. Mlangoni pa kanisa, nimesimama. Bombani, nimesimama, ndoo inafurika. Mtu anaona mwenzake ana fimbo na goti limevimba kama boga, halafu anamsimamisha njiani amsimulie safari! Sasa nimeandika. Niliishia darasa la nne, lakini herufi zangu zinasomeka kuliko za padri. Kaeni chini msome. Mimi nimeshakaa.

Goti lenyewe mnalijua, la kulia. Lilianza kwa kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta, baadaye likawa linasaga, jiwe juu ya jiwe. Daktari alinionyesha picha yake ukutani, mifupa miwili imebanana kama wake wenza waliopewa kiti kimoja. Akasema ule ulaini wa katikati umekwisha, watanifungua, waweke chuma. Nikangoje nyumbani, zamu yangu ikifika watapiga simu.

Tangu siku ile nangoja. Nalala mguu ukiwa juu ya gunia la maganda ya mahindi. Chooni siwezi kuchuchumaa, mjukuu wangu amenitobolea kiti cha mbao, na anayetaka kucheka acheke, siku yake inakuja.

Chuma sikukiogopa. Jembe ni chuma, nimeishi nalo. Niliogopa usingizi. Daktari alisema watanilaza, sitasikia kitu. Usingizi wangu mwenyewe naujua, naingia na kutoka. Huo wa kulazwa, mlango wake uko wapi, na ufunguo anao nani?

Kwa sisi Wairaqw, au niseme kwa nyumba ya baba yangu, maana kila nyumba ina namna yake, mtu haendi mahali pa hatari mpaka mkubwa wake amtaje kwa jina mbele za Mungu, ijulikane katoka kwa nani na arudi kwa nani. Baba hayupo. Mama hayupo. Kaka zangu wote nimewatupia udongo. Amebaki dada yangu Paulina peke yake, kule juu Mbulu, na mkwe wake Agnes alikuwa ameshanionya kwenye simu: "Mama mdogo, kama unakuja, njoo. Akili ya mama inakwenda na kurudi."

Ndiyo maana nilikwenda na goti bovu. Nilitaka nimkute akili yake imerudi, anitaje.

Mogitu hadi Endasak, mguu mbele

Mjukuu wangu Emiliana ni mwanamke na anaendesha pikipiki ya abiria. Mwenye neno alilete kwangu. Barabara zote za Hanang anazijua, za vumbi na za tope, na hajawahi kumwangusha mtu, hata yule mwalimu mnene wa Gehandu.

Tatizo lilikuwa mguu. Ukikunjwa kwenye pedali napiga yowe. Emiliana akafunga ubao kando ya pikipiki kwa mpira wa tairi, akaulaza mguu wangu juu yake, umenyooka kama boriti. Siku moja kabla nilikuwa nimenyolewa kichwa chote kwa sababu ya mba, basi kofia ngumu ikawa inachezacheza kichwani kama sufuria. Tukaondoka hivyo. Mguu ulikuwa unafika kila mahali kabla yangu.

Asubuhi ile Mlima Hanang ulikuwa umekatwa na wingu katikati. Chini mashamba, juu kilele, katikati hamna kitu. Tulikwenda na mlima unakwenda pembeni yetu, polepole, kama mtu mzima anayemsindikiza mgeni. Mahindi yalikuwa yamekauka, yanasemezana. Nilikuwa nimemeza dawa yangu ya maumivu, na dawa ile, mkitaka kujua, haiondoi maumivu. Inayapeleka shamba la jirani, unayasikia yakipiga kelele kule.

Mbele kidogo ng'ombe wakaziba barabara. Aliyekuwa akiwaswaga ni kijana wa Kibarabaig, shuka begani, fimbo mabegani, mikono ameitundika juu yake. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo bibi," nikaitikia. Halafu akautazama mguu wangu kwa muda mrefu, kama mnunuzi.

"Umefanyaje huu?"

"Umechoka. Unangoja kufunguliwa."

"Sisi ng'ombe akifika hapo tunamla."

"Nyama yangu ngumu, mjukuu. Utaacha meno yako humu."

Akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Kisha akanishauri nipake mafuta ya simba. Nikamwambia aniletee simba mwenyewe, mafuta nitakamua. Ng'ombe wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akaunusa mguu wangu, akaenda zake.

Endasak tukasubiri lori la kupanda Mbulu. Tulikaa kwa mama mmoja muuza chai, chapati zake laini kama sikio la ndama, nisimsingizie. Lakini mdomo! Aliposikia nitalazwa usingizi akaweka birika chini.

"Wifi yangu alilazwa hivyo hivyo. Hakuamka."

Emiliana akamjibu kabla yangu: "Mama, chai yako tamu. Ungeishia kwenye chai."

Mimi nikaikunja chapati iliyobaki, nikaifunga kwenye kanga.

Ndani ya lori la vitunguu swaumu

Lori lilikuwa tupu, linakwenda Dongobesh kuchukua vitunguu swaumu. Pikipiki ikapakiwa nyuma ikafungwa kamba. Mimi nikapakiwa mbele. Sijui niwaeleze vipi. Ngazi ya lori iko juu kama darini. Wanaume wawili wakanisukuma kutoka chini, Emiliana akanivuta mikono kutoka juu, na dereva, mtu wa Singida jina lake Hamisi, akasimama pembeni anaelekeza kama anapakia kabati: "Kulia kidogo! Angalia kioo! Mama, inamisha kichwa!"

Nikamwambia, "Baba, mimi si mzigo wako."

"Mama, ungekuwa mzigo ungekuwa umeshapanda."

Nilipokaa nikaona dunia kutoka juu kwa mara ya kwanza. Paa za watu, vichwa vya watu, maharage yaliyoanikwa uani. Turubai la nyuma lilikuwa limekunywa harufu ya vitunguu swaumu vya safari zote, na harufu hiyo ikanipeleka mbali. Mama yetu alikuwa ananuka hivyo akitoka bustanini. Nikafumba macho, nikamsikia Paulina ananiita kutoka upande wa pili wa bonde, "Leenaa! Ndege wamemaliza mtama!" Sauti ya msichana. Nikafumbua, kumbe ni honi.

Hamisi hakunyamaza njia nzima. Shangazi yake alifunguliwa goti, akaamka, na sasa goti lile linajua mvua itanyesha lini kuliko redio.

"Aliamka kweli?" nikamuuliza.

"Aliamka akauliza chakula kiko wapi."

"Kabla hawajamlaza, nani alimtaja?"

Hakuelewa swali langu. Akasema jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitanda. Emiliana akanishika mkono. Yeye alielewa.

Ukutani, ndani ya ukungu

Baada ya Dareda barabara inaacha tambarare na kuanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Mliopita mnajua. Barabara inajikunja kama utumbo wa mbuzi. Unatazama chini unaona ulikotoka, kona inayofuata unaona tena ulikotoka, lakini padogo zaidi.

Katikati ya kupanda ukungu ukashuka. Haukuja kwa haraka. Ulikuja kama shuka linalotandazwa na mtu makini, kona kwanza, halafu katikati. Miti ikabaki vivuli. Mwanamke akatokea na mzigo wa kuni, akapita karibu na dirisha, hakuwa na miguu, ukungu ulikuwa umeimeza. Nikamwonea wivu. Kutembea hivyo, bila magoti!

Nikafikiri, pengine huo usingizi wao uko hivi. Mweupe. Hauumi. Na hakuna anayejua uko kona gani.

Tukafika juu, karibu na Bashnet, lori likakohoa na kusimama. Mkanda wa feni umekatika. Hamisi akatukana, akaniomba radhi, akatukana tena. Wakashusha pikipiki, Emiliana ampakie Hamisi waende kutafuta mkanda mwingine.

"Bibi, nikushushe kwenye ule mji pale, ile nyumba yenye lango, usikae na baridi," akasema. Akanivalisha kofia, akanisogeza kwa pikipiki hadi langoni kwa watu, akanikalisha juu ya gogo, akaniwekea mguu kwenye jiwe. "Niwaite?"

"Nenda, nitajiita mwenyewe."

Akaenda.

Langoni kwa watu wa Bashnet

Sasa hapa msome polepole.

Mji wenyewe ulikuwa mzuri, uwanja umefagiliwa, lakini kutoka langoni hadi nyumbani ni mteremko wenye utelezi. Nikaona nikijaribu nitafika kwa makalio. Nikakaa pale pale nje. Nikavua kofia ngumu ili watu wasinidhanie mwizi. Nikapiga hodi.

Akatoka mama mmoja na kanga mabegani. Akaniona, akasimama. Hakusogea.

"Shikamoo bibi!" akasema kwa sauti, kutoka kule kule mlangoni.

"Marahaba! Habari za hapa?"

"Nzuri... karibu... pole, bibi."

Nikashangaa. Mwiraqw gani anamwacha mgeni mzee langoni akimsalimia kama anaita mbuzi? Akaingia, akatoka na mume wake. Naye akanisalimia kutoka mbali, mikono ameifunga mbele, sura ya huzuni. Wakanong'onezana. Baadaye yule mama akaja na bakuli la makande na kikombe cha maziwa mgando, akaviweka juu ya jiwe mbali kidogo nami, akarudi nyuma kinyumenyume, hata mkono hakunipa.

Hapo nikaelewa. Nikasema moyoni, Magdalena, hawa wamefiwa.

Vijana wanaosoma hapa labda hamjui, basi niwaambie. Zamani kwetu nyumba iliyofiwa ilikaa peke yake. Hamkupeana mikono na watu, hamkula chombo kimoja, hamkuingia kwa jirani mpaka siku zenu ziishe, msije mkakipeleka kifo kwa mwingine. Wengi wameacha, lakini huko juu bado wapo wanaoshika. Nikawaheshimu. Nikachukua makande kwa fimbo, nikayavuta kwangu bila kuwasogelea, nikala kwa mkono, mdomo usiguse bakuli. Maziwa sikuyagusa, japo koo lilikuwa limekauka, niliogopa kuchanganya kikombe chao na mdomo wangu.

"Poleni sana!" nikawapigia kelele.

"Asante! Pole na wewe!"

"Alikuwa mtu mzima?"

Wakatazamana. Mume akajibu kwa upole, "Sisi hatujui, bibi. Tuambie wewe."

Nikaona huzuni imewachanganya hawa watu. Nikaanza kuwaombea kwa sauti, Baba yetu uliye mbinguni, nao wakainamisha vichwa wakaitikia kule mlangoni, ukungu katikati yetu. Tulisali vizuri. Nililia hata kidogo. Nilimlilia marehemu wao nisiyemjua, na katikati ya kulia nikajikuta najililia mwenyewe nikiwa kitandani na jina limeandikwa juu yake.

Pikipiki ikarudi. Emiliana akapita langoni moja kwa moja, akashuka mteremko, akaomba maji ya kunywa. Yule mama akaruka nyuma.

"Dada, usiingie! Si mna msiba?"

"Msiba gani?"

"Bibi yako! Kanyoa kichwa, kakaa nje ya lango, kakataa kikombe chetu. Tumemwekea chakula mbali kama inavyotakiwa!"

Emiliana akageuka. "Bibi, nani amekufa?"

"Si wao ndio wamefiwa?" nikasema. "Wamekataa kunishika mkono!"

Mume akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, akakaa chini kwenye tope. Mke wake akaficha uso kwenye kanga. Mimi nikasema, "Aliyekufa ni goti langu tu, na hajazikwa." Basi ikawa sherehe. Walinibeba, ndugu zangu, mume upande huu na Hamisi upande huu, wakaniingiza ndani kwenye moto. Maziwa nikanywa, nikaongezwa. Yule mama akanipaka samli ya moto gotini kwa mikono yake miwili, taratibu, kama anampaka mtoto mchanga. Alikuwa na haya ya kutonigusa, sasa akawa hataki kuniachia.

Wakati wa kuondoka mume akasema, "Tumemwombea marehemu wako, bibi. Sijui dua hiyo sasa iende wapi."

"Iacheni," nikasema. "Huenda itanifaa."

Yeye alicheka. Mimi sikucheka sana.

Dongobesh, na kutoka hapo kwa dada

Mkanda mpya ukatufikisha Dongobesh. Hamisi akaenda kwenye vitunguu vyake, akaniaga kwa kuniambia nikiamka nimpigie simu. Pikipiki ikatupeleka sehemu iliyobaki. Jua lilikuwa limetoka, na vilima vya Mbulu vilikuwa vimelowa vyote, vinang'aa kama ng'ombe aliyetoka kuogeshwa. Mimi niliondoka huko nikiwa bibi harusi, nimepakwa siagi mpaka kwenye nyusi. Kila kona nilidhani nitajiona nikija.

Paulina alikuwa amekaa uani kwenye kiti, blanketi magotini. Amekuwa mdogo. Dada yangu aliyenibeba mgongoni kuvuka mto, sasa ningeweza kumweka kwenye kapu. Nikashuka, nikamsogelea na fimbo yangu, mdomo umeshafunguka kumwamkia.

Akaniwahi.

"Shikamoo mama," akasema.

Agnes akainama haraka. "Mama, huyu ni mama mdogo, mdogo wako."

"Mama yangu namjua," Paulina akasema. "Amechelewa tu."

Wote wakanitazama. Nifanye nini? Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Nikakaa. Emiliana akaingia ndani upesi, nadhani hakutaka nimwone uso.

Nilikaa pale siku kadhaa. Walinilisha kuku, walinilisha ugali wa mtama na mlenda, kitanda walinipa cha karibu na mlango. Kila asubuhi nilimjaribu. "Dada, mimi ni Lena." Ananitazama kwa upole kabisa, ananijibu, "Lena yuko shambani, analinda ndege." Jioni hivyo hivyo. Akili ilikuwa imekwenda, na safari hii ilikuwa imebeba mizigo yake yote.

Nilikasirika, siwafichi. Siku moja nilimwambia Agnes jikoni, "Nimepanda ukuta mzima na goti hili kuja kutajwa, na anayenitaja hanioni." Agnes akasema, "Mama mdogo, si mapadri wapo?" Wapo. Lakini padri ananijua tangu nikiwa bibi. Nani mwingine aliyebaki anayenijua nikiwa Lena?

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka Paulina aliamka mapema akataka maziwa. Akashika kikombe, akaniita, "Mama, njoo, kabla hujaenda." Nikakaa karibu naye, mguu nimenyoosha. Akanishika kifundo cha mkono. Ana nguvu bado.

"Huko unakokwenda utamwona Mungu," akasema. "Mwambie habari za Lena."

Nikasema, "Nimwambieje?"

"Mwambie ni Magdalena, mtoto wetu wa mwisho, wa nyumba ile ya mteremkoni. Asimchanganye na mwingine. Mwambie Lena akilala ni gogo. Hasikii jogoo, hasikii mvua. Mimi ndiye ninayemwamsha kila siku. Aitwe kwa jina, aitwe tena, asichoke, ataamka tu. Akikasirika ni kawaida yake." Akafikiri kidogo. "Umesikia, mama?"

Emiliana alikuwa amesimama na kofia mkononi.

"Nimesikia," nikasema.

Akanywa maziwa funda moja, akageuza kiganja changu, akanipulizia maziwa yale kwa mdomo, matone madogo madogo, kama wazee wetu walivyokuwa wakibariki. Kisha akanikunja vidole kimoja kimoja mpaka ikawa ngumi.

"Mpelekee Lena," akasema. "Usimwage njiani."

Hospitali bado hawajapiga simu. Wakipiga, nakwenda.

Tuliposhuka ukuta kurudi Dareda, barabara ilikuwa mbaya kuliko tulipopanda, na Emiliana akanipigia kelele kutoka mbele, "Bibi, nishike kwa mikono miwili, utaanguka!"

Nikamwambia aendeshe polepole. Mkono mmoja ulikuwa na kazi.